Vichwa Kumi na Kimoja Dirishani

"Mjomba, na huyu ameumbwa kwa mfano wa nani?"

Aliyeuliza ni mpwa wake wa kike wa miaka sita, ametoka shule ya Jumapili, soksi moja juu, moja chini. Asubuhi hiyo mwalimu wao alikuwa amewaambia kwamba kila mtu, awe mrefu, awe mfupi, awe hata yule anayewavuta wenzake nywele kwenye benchi la nyuma, ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mtoto alilibeba neno hilo kama mtu aliyebebeshwa beseni lililojaa maji hadi ukingoni, akiogopa lisimwagike njiani, mpaka akalifikisha dukani kwa mjomba wake. Hapo akakutana na mdoli wa kike aliyesimama bila nywele, bila mikono, pua imemeguka ncha, amefunikwa shuka kuanzia shingoni kwenda chini. Akamnyooshea kidole.

Mjomba alikuwa na pini tisa mdomoni. Alimtazama mtoto, akamtazama mdoli, akamtazama mtoto tena. Kisha akasema kwa pembe ya mdomo, "Ngoja kwanza nitoe pini."

Alizitoa kweli. Moja akaichoma kwenye pindo, nyingine kwenye kwapa la gauni, ya tatu ikaanguka ikatafutwa sakafuni kwa magoti, na ilipofika ya tisa alikuwa ameshatia nyingine tisa mdomoni. Jibu halikuja siku ile, wala wiki ile. Lilichukua miaka kumi, na katikati hapo palipita msumeno.

Kazi ya Mjomba ilikuwa kuvisha midoli ya dukani. Si ile ya kuchezea watoto. Ni ile yenye urefu wa mtu, inayosimama dirishani na suti, ikitazama barabara bila kupepesa. Duka lenyewe lilikuwa la nguo, ghorofa mbili, limebanwa kati ya duka la viatu na kibanda cha fundi saa. Mjomba aliingia pale kijana, kazi yake kupokea maboksi. Siku moja mvishaji wa zamani akapinda mgongo na kugoma kunyooka. Mama Mwenye Duka akaangaza huku na huku, akamwona Mjomba amekumbatia maboksi manne na hakuna lililoanguka, akasema, "Wewe mwenye mikono, njoo." Alikwenda. Mpaka siku ya swali lile alikuwa amekaa miaka ishirini na moja.

Wasiojua hudhani ni kazi ya kitoto. Suruali haivishwi mdoli ukiwa umesimama. Unautenganisha kiunoni, unaigeuza miguu juu chini, unaitia suruali kama unavyotia mto kwenye foronya, halafu unaurudisha mwili mahali pake na kuomba usiwe umeangalia nyuma. Mkono unatoka kwa kuuzungusha kidogo pale begani, na ukiulazimisha utabaki na mkono uliovunjika na bosi aliyenuna. Na nguo ikikaa dirishani vizuri mpaka ukaitamani, ujue mgongoni ina pini ishirini zimeibana. Ndiyo maana ukifika nayo nyumbani inakukaa kama gunia.

Mjomba pia alikuwa mzee wa kanisa, na uzee huo hakuuacha kanisani. Kabla hajamvua mdoli alibandika karatasi za kaki kwenye kioo, wapita njia wasione. Kabla hajautoa mkono alisema, "Niwie radhi." Kabla ya kuupindua mwili alisema, "Niwie radhi tena." Nguo mpya zikichelewa kufika hakukubali mdoli ukae uchi hata saa moja. Alileta shuka kutoka kwake.

"Shuka zetu ziko wapi?" mkewe alimuuliza siku moja.

"Zimevaliwa."

Keshia, mama mmoja mwenye kicheko cha kufungua milango, alimtania kila siku ya Mungu. "Mzee wa Kanisa, huyo ni plasta. Hasikii baridi."

"Plasta ya nani?" Mjomba alijibu. "Huyu anafanana na mtu. Na mtu unajua anafanana na nani. Sasa wewe unataka nimwache uchi mbele ya duka la viatu?"

Jibu hilo lilimtosha kwa keshia miaka yote. Ila mpwa wake alipouliza, alilitafuta mdomoni akakuta pini tu. Maana mtu mzima ukimwambia hivyo anacheka na kurudi kwenye kaunta yake, lakini mtoto atakuuliza tena: kwa hiyo Mungu hana nywele? Na ncha ya pua je? Mjomba akalala na swali hilo kama mtu aliyelala na punje ya mchanga kitandani.

Tabia nyingine ya Mjomba ilikuwa kusimama kimya. Alipokuwa anapima urefu wa gauni kwa macho angeweza kusimama dakika kumi, kichwa upande, mkono hewani. Siku moja mteja alimkuta hivyo, akaishika mikono ya shati lake, akaipapasa kola, akamgeuza kidogo ili aone mgongoni. Mjomba, mdomo umejaa pini, hakuweza kusema kitu. "Nataka kama hili," mteja akamwambia keshia, "ila hili la huyu limechakaa." Keshia alicheka mpaka akafunga kaunta.

Mlangoni alikaa mlinzi, mzee mmoja mwenye kiti cha plastiki na redio ndogo isiyoshika stesheni hata moja vizuri. Kila asubuhi kwa miaka ishirini na moja alimfungulia Mjomba mlango. Kila asubuhi Mjomba alimwambia, "Nishikie huu mkono," au, "Nishikie huu mguu," akapita na kiwiliwili, akarudi, akauchukua mkono wake, akaenda. Mikono ile ilikuwa ya plasta. Ule wa mlinzi hakuwahi kuushika.

Mwaka uleule wa swali, magoti ya Mama Mwenye Duka yalikataa ngazi. Duka likashikwa na mwanawe, ambaye watu walimwita Bosi Mdogo ingawa alikuwa na mwili wa mabosi wawili. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya wiki mbili ya biashara, na alirudi nayo yote kwenye faili la bluu. Jumatatu aliwaita wafanyakazi mbele ya dirisha.

"Vichwa vinaondoka," alisema.

"Vinaondoka kwenda wapi?" Mjomba akauliza.

"Popote. Midoli ya kisasa haina vichwa. Mteja akiona kichwa cha mtu mwingine, anaona nguo ya mtu mwingine. Tukikitoa, anaweka chake."

"Akiweka chake si atabaki bila?" keshia akauliza.

"Anaweka kwa mawazo."

"Hata mawazo, Bosi, kwa kawaida yanakaa kichwani."

Bosi Mdogo akafungua faili, akalifunga. "Mzee," alimwambia Mjomba, "Jumamosi saa sita mchana nataka nipite barabarani nisione kichwa hata kimoja hapo. Msumeno uko stoo. Kama wewe mkono wako mzito, nina mtu wangu ana mkono mwepesi. Ila huyo akija kukata, atabaki kuvisha. Sitaweka wavishaji wawili."

Midoli ilikuwa kumi na mmoja, ya aina ya zamani. Mikono ilitoka, miguu ilitoka, lakini kichwa kilikuwa kitu kimoja na mabega. Hakuna cha kuzungusha wala kufungua. Ni kukata au kuacha, na kuacha kulikuwa kuacha kazi. Mjomba aliwaza kazi nyingine anayoijua duniani, akazunguka mji mzima kichwani, akarudi palepale. Nje ya dirisha lile watu wanajivisha wenyewe.

Nyumbani alimweleza mkewe.

"Kata," mkewe akasema.

"Unasema kirahisi."

"Ni plasta, bwana. Kata."

"Wewe ungeweza kuikata picha ya mama yako shingoni?"

"Mama yangu hajawahi kusimama dirishani na kaptura."

Alhamisi ikafika, siku ya kikao cha wazee wa kanisa. Ajenda zilikuwa mbili: bati linalovuja juu ya kwaya, na mengineyo. Bati lilipokwisha kuzungumzwa na kubaki linavuja, Mjomba akainua mkono kwenye mengineyo. Alisimulia yote. Katibu, mwalimu mstaafu aliyeandika kumbukumbu kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, akauliza, "Niandike nini hapa?"

"Andika vichwa," mchungaji akasema.

Katibu akaandika kwa nyekundu. Kisha akatoa maoni yake mwenyewe. "Mimi sioni ugumu. Hizo ni sanamu. Sanamu hukatwa, husagwa, unga wake ukamwagwa majini. Mzee mwenzetu amepewa na bosi wake kazi ya manabii, tena analipwa. Ashukuru."

"Na wale mamajusi watatu wa plasta walioko stoo ya kanisa?" mzee mwingine akauliza. "Nao tuwasage?"

Katibu akafunga kalamu nyekundu. Ngamia wa mamajusi wale alikuwa zawadi ya katibu mwenyewe.

Mchungaji alikuwa mtu wa sauti ya chini. Akamgeukia Mjomba. "Mzee mwenzetu, mfano wa Mungu hauko kwenye pua. Mungu hana pua."

"Basi uko wapi, Mchungaji? Nionyeshe mahali nisipopita na msumeno."

"Walimu wa zamani hawakukubaliana. Wapo waliosema uko kwenye akili, kwamba mtu anawaza na kuchagua."

"Akili iko kichwani. Ndiko nilikoambiwa nikate."

"Wapo waliosema uko kwenye utawala. Mtu amekabidhiwa dunia aitunze, samaki wa baharini na ndege wa angani."

"Mimi sina hata kuku."

"Na wapo waliosema uko kwenye kuitana," mchungaji akaendelea. "Kwamba Mungu anasema na mtu, na mtu anaitika. Jiwe haliitiki, na ng'ombe..."

"Hoja," katibu akamkatiza. "Naomba iundwe kamati ndogo ya watu watatu ichunguze suala la vichwa na kuleta taarifa."

Wote wakasema ndiyo, maana njaa ilikuwa imeanza kuuma. Kamati hiyo, mpaka leo hii, haijakaa.

Jumamosi Mjomba alifika mapema kuliko jua. Akabandika karatasi za kaki dirishani, akauchukua msumeno stoo, akasimama mbele ya kumi na mmoja wale. Hakuwapa majina, kwa kuwa alihisi kuwapa majina kungemsogeza karibu mno na zile sanamu za katibu. Aliwaita kwa nguo zao. Wa kwanza alikuwa Mhasibu, mwenye suti ya kijivu na uso wa mtu anayekumbuka kitu. Mjomba akamshika bega.

"Niwie radhi," alisema, akaweka msumeno shingoni.

Akautoa. Akaona afadhali amgeuze, amkate kwa nyuma asionane naye macho. Alipomgeuza, kile kisogo, na ule mstari mmoja kwenye shingo, vilikuwa vya marehemu baba yake kabisa. Akamrudisha alivyokuwa. Akaenda kwa Bibi Harusi. Sasa nani anamkata bibi harusi siku ya Jumamosi? Akaenda kwa yule asiye na ncha ya pua, akaona huyo ameshapunguziwa vya kutosha. Akaenda kwa Mwanafunzi, mdoli mdogo mwenye sare ya shule na mkoba usio na kitabu. Akakaa chini.

Saa tano na nusu Bosi Mdogo alipoingia, alikuta vichwa vyote kumi na kimoja viko mahali pake. Zaidi ya hapo vilikuwa vinang'aa.

"Umevisafisha?"

"Nilikuwa napima, Bosi."

"Kwa sabuni?"

Bosi Mdogo akavua koti, akaukunja mkono wa shati mara mbili, akauchukua msumeno. "Mzee, wewe nenda kapumzike nyumbani. Pumzika kabisa." Mjomba alielewa maana ya hilo kabisa. Hata hivyo hakuondoka. Aliona Bosi Mdogo amemchagua Mwanafunzi kwa kuwa shingo yake ni nyembamba, na mdoli unayumba, na kitu kinachoyumba mbele yake Mjomba hajawahi kukiacha kiyumbe. Akamshika mabega. Kwa hiyo walikuwa wawili, mmoja anakata kichwa, mwingine anasaidia kwa huzuni.

Plasta ya zamani ikikatwa inatoa vumbi kama unga. Msumeno ulipofika nusu ya shingo, miwani ya Bosi Mdogo ilikuwa nyeupe tupu. Hapo akafanya kosa ambalo mvishaji wa wiki moja tu asingelifanya: aliivua, akajifuta macho kwa vidole vilevile vilivyojaa vumbi.

Alianguka kitako kama mzigo. "Sioni," akasema. "Mzee, sioni. Maji."

Keshia akakimbilia maji, akaja na jagi zima. Mjomba akapiga magoti, akakishika kichwa cha Bosi Mdogo kwa mikono miwili, kidole gumba kwenye taya, vinne kisogoni, kama alivyoshika vichwa elfu na elfu. Akakilaza nyuma. Na kwa mazoea tu, bila kufikiri, akasema, "Niwie radhi, Bosi."

"Haya," Bosi Mdogo akasema.

Kidogo Mjomba akiangushe kile kichwa.

Jioni ile alijaribu kumweleza mkewe, akashindwa. Piga hesabu mwenyewe: kwa miaka ishirini na moja aliomba radhi pengine mara ishirini kwa siku, kwa heshima zote, na hakuna siku hata moja aliyoambiwa haya. Sasa mtu amesema haya. Tena amelisema huku anatetemeka. Pale sakafuni, kichwa kile kilikuwa na uzito tofauti na vya plasta, cha moto, kinapigapiga ndani kama saa. Akakitazama. Chini ya jicho la kushoto kulikuwa na baka dogo jeusi ambalo Mjomba hakuwahi kuliona, ingawa Bosi Mdogo alimjua tangu akiwa mtoto wa kupanda ngazi za duka kwa mikono na miguu.

"Usiniache," Bosi Mdogo akasema.

"Nitakuacha niende wapi? Fumbua kidogo. Kidogo tu. Tena."

Maji yakaingia, plasta ikatoka, machozi yakasaidia. Jicho la kulia likafumbuka, jekundu kama nyanya. La kushoto likafuata. Ndipo Mjomba akainua uso na kuwatazama wale wengine. Mhasibu alikuwa anatazama barabara. Bibi Harusi alikuwa anatazama barabara. Hata Mwanafunzi, shingo nusu, alikuwa anatazama barabara.

"Na nyinyi mmesimama tu," Mjomba akasema.

"Unaongea na nani, Mzee wa Kanisa?" keshia akauliza.

"Na hawa. Mtu anapofuka mbele yao, hakuna hata mmoja aliyeleta kitambaa."

"Wamesemaje?"

"Ndicho ninachowauliza."

Hawakujibu. Na kwa mara ya kwanza Mjomba alikisikia kile kimya chao jinsi kilivyokuwa. Kumbe hakikuwa upole. Hakikuwa chochote. Hasira ikampanda mtu mzima, hasira ya aliyekuwa akipeleka zawadi ukweni miaka nenda miaka rudi, akaja kugundua nyumba ile haina watu. Akaukamata msumeno. Akaenda kwa Mhasibu, hakusema niwie radhi, akakata. Kichwa kikabingirika mpaka miguuni kwa keshia. Akaenda kwa Bibi Harusi, akamvua shela, akakata.

"Taratibu basi," Bosi Mdogo akasema kutoka sakafuni, kitambaa jichoni.

"Unasemaje, Bosi?"

"Unawakata vibaya. Huyo wa suti, mama alikuwa akiniacha hapa nifanye kazi za shule. Yeye ndiye niliyekuwa namsomea."

"Ni plasta, Bosi."

"Najua ni plasta. Punguza mkono tu."

"Vichwa vinaondoka. Mteja anaweka chake."

"Mzee, nimesema punguza."

Keshia aligeuza macho kwa huyu, akageuza kwa yule, kama mtu anayetazama mechi ambayo timu zimebadilishana jezi. Mjomba alikuwa kwa wa tatu tayari, jamaa mmoja mwenye jaketi la mvua ambaye hakuna aliyewahi kumpenda. Bosi Mdogo akainuka, akaja akamshika huyo mabega asiyumbe, akageuza uso pembeni. Msumeno ulipomaliza, alivuta pumzi.

"Inatosha. Tuseme nusu ni ya kisasa."

"Watatu si nusu ya kumi na mmoja," Mjomba akasema.

"Wiki hii ni nusu. Mfunge huyo mtoto kitu shingoni." Akachukua koti lake, akasimama mlangoni, akaongeza bila kugeuka, "Na Jumatatu uwahi. Kuna gauni za bluu zimeingia." Ndivyo Mjomba alivyojua kwamba kazi bado ni yake.

Jumatatu dirisha lilikuwa hivi: watatu bila vichwa, saba wenye vichwa, na Mwanafunzi mwenye skafu ya sufi katika joto la kuyeyusha lami. Watu walisimama kuhesabu. Mama mmoja aliingia mpaka ndani, akauliza kaunta wale watatu walikosea nini. Bosi Mdogo alitaka kumweleza habari za mawazo ya mteja, akaliangalia faili la bluu, akasema tu kwamba walikuwa watoro.

Asubuhi hiyohiyo Mjomba alifika mlangoni na mguu wa plasta kwapani. Mlinzi akanyoosha mikono aupokee, kama kawaida. Mjomba hakumpa. Akauegemeza ukutani, akampa mkono wake.

"Habari za nyumbani, kaka?"

Mlinzi akasimama wima, akazima redio. "Nimefukuzwa?"

"Hapana. Nauliza habari."

"Za nani?"

"Zako."

Mlinzi akaketi tena, akafikiri zilianzia wapi. Akaanza na goti. Kutoka kwenye goti akaingia kwenye paa la nyumba, kutoka kwenye paa akaingia kwa binti yake aliyerudia mtihani mara mbili, wa tatu akaushinda. Saa mbili zikapita, gauni za bluu bado ziko kwenye boksi, Bosi Mdogo akashuka kugomba, akakuta habari tamu, akaegemea ukuta. Habari za miaka ishirini na moja haziishi kwa siku. Ile ya mwaka wa nne peke yake, mwaka wa mafuriko na shemeji, ilichukua Jumanne nzima.

Shuka zilirudi nyumbani, zikafuliwa. Mjomba aliendelea kubandika karatasi za kaki, lakini alisema sasa ni kwa ajili ya aibu ya wapita njia. Kuhusu vile vichwa vitatu: cha Bibi Harusi keshia anatundikia wigi lake la Jumapili, cha jaketi la mvua mkewe Mjomba anazuilia mlango wa jiko usigongwe na upepo, na cha Mhasibu Bosi Mdogo alikipandisha ofisini kwake. Wanaopita koridoni wanasema kuna siku humsikia akikisomea barua.

Miaka ikaenda. Mpwa aliyekuja na soksi moja juu na moja chini alivuka shule ya msingi, akaingia sekondari, akarefuka mpaka akapita bega la mjomba wake. Alasiri moja alipita dukani kusubiri mvua ikatike. Hakuuliza kitu. Alisimama ndani ya dirisha, begi mgongoni, anatazama maji yakishuka kwenye kioo. Mjomba alikuwa anamvisha gauni yule asiye na ncha ya pua, ambaye hakuna aliyewahi kumtengeneza. Mdomoni pini tisa.

Ghafla akaacha. Akazitoa pini, moja baada ya nyingine, zote tisa, akazipanga kwenye kifuniko cha kopo. Hakurudisha hata moja.

"Yule uliyeniuliza," alisema.

"Nani, Mjomba?"

"Huyu. Uliuliza ameumbwa kwa mfano wa nani."

Mpwa akakumbuka, akataka kucheka, akaona uso wa mjomba wake, akaacha. "Ndiyo, Mjomba."

"Si wa mtu yeyote, mwanangu. Nilimwomba radhi miaka ishirini na moja, hakuniitika. Bosi nilimwomba mara moja tu, tena haoni, akasema haya."

Mpwa alishusha begi, akamtazama yule mdoli. Nje mvua ilikuwa inapungua, na mlinzi alisikika mlangoni akimweleza mtu habari za goti. "Lakini Mjomba," akasema polepole, "hata Mungu tunamwomba kila siku, na hatumsikii akisema haya."

Mjomba alikitazama kile kifuniko cha kopo, pini zote tisa zimelala upande mmoja.

"Anaitika, mama. Labda na yeye anatoa pini kwanza."